Hesabu ya Milio Mizito

Hodi ilipigwa saa nane mchana, saa ambayo mtaa wote wa Mowlem uko kazini na hakuna anayemtembelea mwenzake. Mutie aliinuka upesi. Goti lake likakumba kigoda kilichokuwa kushoto kwake, na chai ikamwagika.

"Kigoda kiko hapo tangu asubuhi," alisema mkewe, Nthoki.

Mlangoni alisimama msichana asiyemjua, amekumbatia kompyuta. Alisema anaitwa Sally, na kwamba shule imemtuma kuwapima umakini madereva wa basi, bila kuwapa taarifa mapema.

Nthoki alimtazama mumewe. Jumatatu, langoni pa shule, basi lilikuwa limegonga mkokoteni wa muuza machungwa. Mutie aliapa kwamba mkokoteni ulitokea hewani. Nthoki hakubishana naye. Alisema tu, "Baba Kasiva, kitu kikikupita tena machoni, funguo unaniletea mimi. Wale ni watoto wa watu." Naye akaahidi. Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye usukani, hana kazi nyingine anayoijua, na Kasiva bado yuko chuoni.

Sally alimvisha hedifoni.

"Mzee, tazama nukta hii ya katikati. Utasikia milio. Hesabu ile mizito peke yake. Pembeni zitapita picha, zingine za kutisha. Usizijali."

"Nikizitazama?"

"Kila mtu huzitazama. Mwenzako Nzomo aliruka mpaka akang'oa waya."

Mutie akacheka.

Milio ikaanza, myembamba na mizito, ikikimbizana. Akaikazia nukta macho. Mkono wa Nthoki begani mwake ulishtuka, ukatulia, ukashtuka tena kwa nguvu zaidi. Anaiogopea kazi yangu, aliwaza, akaendelea kuhesabu.

Kimya kiliporudi alivua hedifoni. "Arobaini na mmoja."

"Arobaini na mmoja kamili." Sally aliandika kitu, uso umemkunjuka. "Sikio likizama kwenye sauti, jicho huacha kuhangaika. Hilo tunalijua. Lakini aliyezama namna hii sijawahi kumpata. Wewe ndiye utakayepewa basi jipya, Mzee. Lile la watoto sitini."

Nthoki akashusha pumzi. "Mimi moyo ulitaka kunitoka. Yule mbwa, halafu ule moto."

"Na yule mtoto anayekimbilia gari," Sally alisema. "Picha ishirini, na Mzee hakupepesa jicho hata mara moja."

Mutie aliitazama kompyuta. Muda huo wote alikuwa akiingoja picha ya kwanza.

"Mama Kasiva," alisema polepole, "lete mkono." Akamwekea funguo za basi kiganjani.