Sakafu Isiyotaka Kukauka

Fundi alipiga magoti, akabandua kipande cha nailoni alichokigundisha sakafuni tangu jana, akakigeuza. Upande wa ndani matone yalikuwa yametanda kama jasho kwenye pua ya mpishi.

"Bado," akasema. "Simenti ina maji. Ukiniambia nibandike vigae leo, mwaka hauishi vitaanza kupasuka kimoja kimoja, na atakayetafutwa ni mimi."

Mshonaji alihesabu kwa vidole. Hii ilikuwa mara ya sita kuambiwa bado.

Kazi yenyewe haikuwa na kasoro. Fundi aliitindua sakafu ya zamani iliyokuwa ikilia tupu kila alipoigonga, akamwaga mpya, akaisawazisha kwa pima maji mpaka gololi ukiiweka haijui iende wapi. Siku saba aliimwagilia ili ishike, kisha akasema ikiachwa wiki nne itakauka. Sasa ilikuwa wiki ya saba, jua kali, madirisha wazi, na kila nailoni ilipobanduliwa ilikuwa na matone yake.

Chumba kilikuwa cha mama yake Mshonaji, ambaye tangu afiwe na mumewe alihamia kwa mwanawe huyu, akawa analala kwenye kochi la sebuleni. Habari hiyo ilimfikia kaka mtu, anayeishi mji wa mbali na mwenye mdomo wa kutosha ukoo mzima.

"Mama hawezi kulala kwenye kochi kama mgeni," alisema kwenye simu. "Jumamosi chumba kisipokuwa tayari, nakuja na gari kumchukua. Na usimwambie, ataanza ubishi."

Mshonaji alijua mama akishachukuliwa, wataonana kwenye harusi na misiba basi. Miaka mingi cherehani ilikuwa imemnyima nafasi ya kukaa na mama yake. Sasa alimtaka karibu, hata kama ni wa kugombana naye kuhusu chumvi. Leo ilikuwa Jumatano.

"Hakuna namna ya kuiharakisha?" akamuuliza fundi.

"Sakafu haikimbizwi, mwanangu," mama akadakia kutoka sebuleni. "Mwache mwenzio afanye kazi anayoijua. Fundi, chai hii."

"Nakuja, mama," fundi akaitikia.

Fundi hakuwa mtu wa kushukiwa. Walipatana bei moja ya kazi nzima, kwa hiyo kuchelewa hakukumfaidi chochote. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyefiwa na mke miaka mingi, na suruali yake ya kazini ilipigwa pasi kuliko za watu wengine za harusini. Mchana kutwa alishinda pale akipima na kukata vigae vya pembeni, bila kelele.

Aliyeanza kumtia Mshonaji wasiwasi ni mama. Wiki mbili sasa alikuwa akivaa gauni lake la bluu la kutokea, siku za kazi, ndani ya nyumba. Nywele amezisuka upya. Alipoulizwa alijibu kwamba nguo hazishonwi ziozee sandukuni. Mshonaji akaelewa, na moyo ukamuuma: kaka yake alikuwa ameshamnong'oneza mama, na mama ameshajiandaa kwa safari.

Alhamisi asubuhi, baada ya kuambiwa bado kwa mara ya saba, aliinama akaipapasa ile sakafu. Kote ilikuwa nyeupe, kavu kama unga. Unyevu ulikuwa chini ya nailoni ya fundi tu; kipande kingine alichokibandika yeye mwenyewe jana kwenye kona kilikuwa kikavu. Sakafu gani hii inayotoka jasho mahali pamoja?

Akaaga kwamba anakwenda kazini. Alipofika kona alikata shauri, akarudi kwa mlango wa uani, akajibanza kwenye choo cha kile chumba, choo chenyewe bado hakina mlango, katikati ya sinki jipya na mifuko ya gundi ya vigae. Akangoja mpaka mguu mmoja ukafa ganzi.

Mama akaingia kwa kunyata, birika mkononi. Akainua pembe ya nailoni, akamimina maji kidogo, akaonja kwa macho kama anayeunga mchuzi, akaongeza. Kisha akaikanyaga ile pembe kwa kisigino ishike, akatoka.

Machozi yalimlengalenga Mshonaji. Kumbe mama hakitaki chumba. Kumbe anamngoja mwanawe wa kiume aje na gari, na hana ujasiri wa kusema. Akajifuta kwa kiganja, akaamua atoke akamwambie mama aende tu kwa amani, bila kinyongo.

Kabla hajainua mguu, mlango wa chumba ukalia.

Alikuwa fundi. Alichungulia nyuma yake, akatua mfuko wake wa kazi, akatoa chupa ya maji na kuifungua kizibo. Akapiga magoti, akainua pembe ileile ya nailoni, akainamisha chupa. Halafu mkono ukasita.

Akagusa sakafu kwa kidole. Akaitazama chupa, iliyokuwa imejaa pomoni. Akautazama mlango unaoelekea jikoni, akautazama kwa muda mrefu. Tabasamu lilianzia upande mmoja wa mdomo likaenea mpaka masikioni. Akafunga kizibo, akakung'uta magoti, akachomekea shati vizuri.

"Bado, bibie," akaita. "Bado mbichi kabisa."

"Nilijua tu," mama akajibu kutoka jikoni. "Njoo unywe chai."

Kule chooni, Mshonaji alitoa simu polepole, akamwandikia kaka yake: Jumamosi usije na gari. Njoo na suti.