Supu ya Bwana Mimea

Fundi cherehani alitupa pilipili nyingine sufuriani, akafikiri kidogo, akatupa na zote zilizobaki kwenye kikapu.

"Dada, hiyo ni supu au silaha?" mdogo wake aliuliza, amejiziba pua kwa upindo wa gauni.

"Ni dawa ya kuua ulimi. Koroga."

Ulimi uliokusudiwa ulikuwa wa bwana mimea, mtaalamu aliyekuwa njiani kuja kukagua ukuta wa uani. Ukuta huo mkongwe wa mawe ulikuwa unangojewa na tingatinga la watu wa barabara, na chumba cha cherehani kilikuwa kimeuegemea kama mlevi. Ukuta ukienda, chumba nacho kinaenda, na fundi anabaki kushona juani. Kitu pekee kilichoweza kulizuia tingatinga ni mmea mdogo wenye majani manene kama punje za mchele, uliojiotea wenyewe katikati ya mawe.

Mmea huo una aina mbili, ndugu wa toka nitoke. Mmoja unawasha mdomoni, mwingine umepooza kama maji. Mmoja unalindwa na sheria, mwingine ni gugu tu. Hayo fundi aliyasikia kwa dereva wa tingatinga, ambaye hakujua zaidi ya hapo.

Upi unalindwa, fundi hakuhitaji kuambiwa. Wa kwake alishautafuna, ukamtoa machozi, na ulikuwa umejaa ukutani kama upele. Tangu lini serikali ikalinda upele? Ilikuwa lazima bwana mimea autafune asisikie kitu.

Mgeni alifika na kioo cha kukuzia shingoni na njaa usoni.

"Karibu, baba. Huwezi kukagua ukuta na tumbo tupu," fundi alisema, akamjazia bakuli.

Mdogo mtu alikuwa ameonja kijiko kimoja kuangalia chumvi, akakimbilia bombani, na mpaka sasa alikuwa anaongea kama aliyeng'olewa jino. Bwana mimea alikunywa bakuli zima. Hakukohoa, hakupenga kamasi, hata jasho halikumtoka. Akaomba jingine.

"Imekolea?" fundi aliuliza, roho juu.

"Hakuna kama supu ya moto, mama."

Walipotoka uani, alipiga magoti, akapachika kioo jichoni na kuupekua ukuta jiwe kwa jiwe. Majani, mashina, hata vikonyo vya maua vilivyokauka, vyote vilikuwa vile vile kwa aina zote mbili. Iliyobaki ni ladha.

"Kwani unaolindwa ni upi?" fundi aliuliza kwa sauti ya mtoto mwema.

"Hilo nasema nikimaliza. Ukiwaambia watu mapema, kila mtu anapata ladha anayoitaka."

Fundi alicheka moyoni. Bwana mimea alichuma jani, akalipangusa kwa shati lake, akampa yeye.

"Tafuna."

"Mimi? Si wewe ndiye mtaalamu?"

"Mtaalamu wa macho. Ulimi wangu uliondoka na homa, haukurudi. Siku hizi wenye nyumba ndio wananionjea. Hata supu yako, mama, nimesikia joto lake tu."

Kwanza fundi alizisikitikia pilipili zake. Halafu akaona kwamba kazi imekuwa rahisi kuliko alivyopanga. Akatia jani mdomoni.

Lilimwakia ulimini, likapanda puani, likamvuma masikioni. Fundi alijikaza kisabuni.

"Vipi?"

"Maji matupu."

"Na hayo machozi?"

"Marehemu mume wangu aliupenda sana ukuta huu." Marehemu hakuwahi kupenda ukuta wowote, wala kitu kingine chochote kilichohitaji chokaa.

Bwana mimea alitikisa kichwa kwa huruma. "Anatakiwa mwonjaji wa pili," akasema, na kumgeukia mdogo mtu.

Mdogo wake hakujua kusema uongo. Mtaa mzima ulimjua kwa hilo, na zaidi wale wateja waliowahi kumuuliza kama gauni limewakaa. Fundi alimkonyeza, akamkanyaga mguu, akakohoa. Mdogo mtu hakuona kitu. Alilitafuna jani taratibu, akalamba midomo yake iliyovimba, akatafuna tena.

"Sisikii kitu," alisema hatimaye, kwa mshangao wa kweli. "Haki ya Mungu, dada, sisikii kitu kabisa."

Fundi nusura ambusu. Supu haikupotea bure, imeua ulimi ulio sahihi! Alifuta machozi kwa mkono, akajiona tayari ameketi kwenye cherehani yake, dereva wa tingatinga akipita nje na aibu zake.

Bwana mimea alisimama akikung'uta magoti. Aliutazama ukuta, akamtazama mjane wa watu anayelia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama," alisema. "Ungewasha hata kidogo tu, hakuna ambaye angeugusa ukuta huu."