Nafasi ya Tajewo

Mimi siri nikiishika, hata mama yangu mzazi haijui. Na mama si mtu wa kufichwa kitu. Anauza shanga, rungu na kengele za ng'ombe kando ya barabara ya Karatu, Muiraqw anayewauzia Wazungu Umaasai, na mnunuzi anamjua kwa kumwangalia viatu tu. Lakini kwangu hapati kitu.

Haya ya Tajewo nayasimulia kwa kuwa yameshatoka, na si mimi niliyeyatoa.

Tajewo alipanda basi la Loliondo siku ya kumi ya masomo, shuka begani, daftari la Kiingereza mkononi. Ng'ombe wao kule Soitsambu walikuwa wametawanyika na baba yake anaumwa mguu.

"Wiki moja tu," aliniambia dirishani. "Nikipata mtandao nitakupigia kwa mama yako. Nishikie nafasi yangu, mwanangu."

Nafasi yenyewe haikuwa ya mchezo. Tulikuwa tumemaliza darasa la saba, na wafadhili walimpa Madamu Hyasinta nafasi kumi na mbili za kutunoa Kiingereza pale shule ya Ganako kabla ya kidato cha kwanza. Watakaofika mwisho wangelipiwa shule ya bweni. Atakayekosa kazi tatu, jina linakatwa, anaingia anayesubiri.

Kwenye mpango wake Madamu hakuwa na utani. Jumatatu kusikiliza, Jumatano kuongea, Ijumaa kuandika. Na kila jioni kila mtu arekodi dakika moja ya Kiingereza, aeleze anachokiona, amtumie kwa simu. Andalio la somo alilibandika ukutani, tukawa tunajua mapema kesho tutateswa na nini.

Anayesubiri alikuwa Beatrice. Hakusubiria nyumbani. Tangu siku ya kwanza alikuja na ndoo, akaigeuza mlangoni, akaikalia, akanakili kila neno. Mahudhurio yakiitwa, jina lake halimo. Likifika la Tajewo, alinyanyua kichwa.

Kazi mbili za Tajewo zikapita kimya. Ya tatu, Madamu alikuwa ameshashika kalamu nyekundu.

"Mtandao unamsumbua, Madamu," nikamwahi. "Namba ya mjomba wake hii hapa. Atatumia hiyo."

"Hhando, wewe kila kitu una jibu," alisema, lakini namba akaiandika.

Jioni ile kazi ikaingia. Kwanza kengele ya ng'ombe, ko-ko-ko. Halafu Tajewo akaeleza kwa Kiingereza kwamba ng'ombe wana kiu, na yeye ana kiu, tofauti ni kwamba ng'ombe hawana mtihani. Kesho yake Madamu alitusikilizisha, darasa likacheka, tiki ikawekwa.

Ikaenda hivyo wiki tatu.

"Huyu alikuwa na haya," Madamu alisema siku moja, anasahihisha. "Darasani ilikuwa mpaka umvute ulimi. Sasa ananitania hadi mimi. Na hiyo lafudhi ya Kimaasai, mbona imezidi?"

"Yuko kwao, Madamu. Mtu akiwa kwao anajaa."

Beatrice alikuwa mlangoni, anaifuta ndoo yake vumbi. Sikumwangalia. Siku hizo hata ugali nilikuwa nauacha. Nikakonda, mama akaninunulia dawa ya minyoo. Si nimesema hajui kitu?

Ijumaa ya mwisho Madamu alikuja na spika. Saa nane mchana angewatumia wafadhili yale majina kumi na mawili, na yakishakwenda hayarudi. Kabla ya hapo alitaka tusikie kazi bora kuliko zote.

"Ya jana jioni, ya Tajewo," alisema. "Mimi mwenyewe nimeisikiliza nusu tu. Nikasema hii tuile pamoja."

Tajewo alikuwa anatangaza mpira, ng'ombe dhidi ya fisi, mbio mbio kama mtangazaji wa redio, na kila goli kengele inapigwa kama kanisa linaungua. Watu walilalia madawati kwa kicheko. Hata Madamu alijifuta machozi.

Beatrice peke yake hakucheka. Alikuwa ananakili.

"Madamu, pale mwisho kuna mtu anaongea nyuma ya kengele."

"Shangazi yake huyo," nikadakia. "Anaita ndama."

"Kwa Kiswahili?"

"Ndama wa siku hizi," nikasema.

Hakuna aliyecheka.

Madamu aliirudisha nyuma, akapandisha sauti mpaka spika ikakoroma. Goli la pili. Goli la tatu. Kengele. Kisha, kwa mbali, sauti ya mwanamke aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara. Jana yake, kwa kelele zile, hata mimi sikuisikia.

"We Hhando! Rudisha hiyo kengele, Wazungu wanashuka kwenye gari! Na Tajewo alipiga tangu juzi, nikasahau kukwambia. Harudi, mguu wa baba yake haujapona. Anasema nafasi usimshikie tena, apewe yule msichana wa ndoo!"