Kidole cha Mwalimu Mkuu

"Fundi, usihangaike na huyo mke wangu," kompyuta ilisema. "Akili zake ni za kuazima. Zungumza na mimi."

Fundi alishindwa kujizuia, akacheka. Mke naye akacheka, huku akimfuta mumewe mate kidevuni.

Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mwalimu mkuu mstaafu ulimi na viungo, kikamwachia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia. Kidole hicho kilibonyeza herufi, na programu ya zamani ikazisoma kwa sauti kavu. Kila asubuhi mkewe ndiye aliyemwekea kibodi mapajani na kukilaza kidole mahali pake.

Tatizo lilikuwa mashine yenyewe. Mfumo wake ulikuwa umechakaa, virusi vinaingia na kutoka kama kwenye nyumba isiyo na mlango. Binti yao wa ng'ambo hakuweza tena kuwapigia kwa video. Kila siku skrini ilitoa onyo lile lile: weka mfumo mpya.

"Nikiuweka, mama, mashine itakuwa nyepesi kama imetoka dukani leo," fundi alisema. "Ila hii programu ya kusema haitafanya kazi tena."

"Kabisa?"

"Kabisa. Walioitengeneza walishafunga kampuni."

"Na nikijuta, huwezi kuirudisha?"

"Nikishafuta, ndiyo imekwenda."

"Nyingine je?"

"Ya lugha yetu? Sijaiona bado."

Mama wa watu alikunja uso, anawaza. Fundi alimwonea huruma. Si kila mke angeuliza hivyo kwa ajili ya sauti ya mumewe.

"Chai ya fundi iko wapi?" kompyuta ilidakia. "Samahani, fundi. Huyu huunguza hata maji."

Fundi alicheka mpaka akakohoa, kisha akaanza kukusanya vifaa vyake.

"Tusiiguse, mama. Mfumo si kitu. Bora mzee abaki na sauti yake."

"Sauti hiyo," mke alisema polepole. "Miaka arobaini sijaikosa hata siku moja."

Akamwinamia mumewe, akamtengenezea kola ya shati. Akakiinua kile kidole kwa upole, akaichukua kibodi, akaiweka juu ya kabati.

"Futa," alimwambia fundi.

Kidole kiliendelea kubonyeza, juu ya paja tupu.