Asante, Fundi

Siku hizi neno "fundi" lina leseni yake. Kuta za nyumba husikia, na ukimwita hivyo mtu asiyesajiliwa, zinamripoti zenyewe.

Mashavu alilijua hilo fika. Jirani yake Mzee Hemedi, aliyemjengea nyumba yake kabla ya sheria, alipokuja kumzibia paa, asubuhi nzima Mashavu alimwita "jirani" tu. Kazi ikaisha, safi. Akampa chai, neno likamponyoka:

"Asante, fundi."

Taa ya ukutani ikawa nyekundu.

Mzee Hemedi akatabasamu. "Miaka sita sijaitwa hivyo, mwanangu."

Walimchukua chai haijapoa. Masika yote Mashavu alitega ndoo chini ya paa, akitamani livuje. Halikudondosha hata tone.