Jino la Swala

Nilimkuta mjukuu wangu Rawan msalani, nyumbani kwetu Azaiba, kaingiza koleo kinywani. Koleo limelizunguka jino lake jipya la mbele, lenye madoa ya kahawia na ukingo unaomegeka kama chokaa.

"Toa hilo koleo, mwanangu!"

"Nlirusha vibaya, Babu. Siku ile kulikuwa na vumbi, jua halikuniona. Nnaling'oa hili nirushe tena."

Mimi ndiye niliyemfundisha: jino la utoto unalirushia jua, unaliambia lichukue la punda likupe la swala.

"Hukukosea kitu. Daktari aliyekuja skuli kasema limeharibika tangu limo ndani ya ufizi. Darasani mwenu mko tisa wenye meno kama haya."

"Wenzangu yao magego, hayaonekani. Mimi ndiye naitwa punda."

"Wallahi, Rawan, hili ukiling'oa halioti jingine."

"Na lile la kwanza uliniapia litaota la swala."

Mkono wake haukulegea. Nikapenyeza kidole changu baina ya chuma na jino.

Akafumba macho, akabana.