Mtu wa Damu

Siku hizi hupewi leseni ya kuuza kreni mpaka ukubali sharti moja: kila kreni utakayouza, mwaka wa kwanza itaendeshwa na mtu wa damu yako.

Nakijwa alikuwa ameuza kreni mjini Tanga kwa miaka kumi na tisa kabla ya sharti hilo kuja. Sasa alikuwa amepata mteja wa kwanza chini ya sharti hilo, na ndugu pekee mwenye cheti cha uendeshaji alikuwa binti yake, Eliaika.

Asubuhi ya kreni kupelekwa kwa mteja, Nakijwa alikagua waya wake wa chuma mara tatu. Alipanda, akashuka, akapanda tena.

"Mama, lori la kuibeba linasubiri," Eliaika alisema.

"Lisubiri. Nimesikia breki ikilia."

"Haijalia. Mkaguzi mwenyewe ameipitisha."

"Mkaguzi hatumi mwanawe."

Eliaika alicheka, kisha akamtazama mama yake aliyelala chali chini ya mashine, kanga imejaa grisi.

"Na zile za zamani, ulikuwa unazikagua hivi?"

Mkono wa Nakijwa ulisimama. Alikuwa ameuza kreni thelathini na mbili. Kila moja ilipotoka getini, alikwenda kula chakula chake cha mchana bila wasiwasi. Nyingi zilikuwa bado kazini, zikiinua vyuma juu ya vichwa vya watu.

"Niletee simu," alisema.

Alimpigia mteja aliyenunua ile ya kwanza kabisa. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.